Askofu Steere na Walimu Wake wa Unguja

Salaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Walimu wenzangu, wazee wetu wa Mkunazini na Mbweni mliokubali kuja jioni hii, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa kukosa viti, nawashukuru nyote. Nimeombwa niseme habari za Askofu Edward Steere, aliyezikwa nyuma ya altare ya kanisa lile la Mkunazini, hatua chache kutoka hapa tulipo. Nitazisema. Lakini nawaomba mniruhusu nizianzie jikoni.

Katika nyumba ya Askofu Tozer, mkuu wa misheni ya Kianglikana hapa Unguja miaka ile ya 1860, palikuwa na mpishi akiitwa Masazo. Alipika, akasimamia nyumba, na alikuwa na hadithi. Mzungu mmoja aliyekaa nyumba ileile, kasisi mwenye ndevu na karatasi, akawa anamsikiliza na kuandika. Hadithi za Masazo na za wenzake zilipigwa chapa London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa wa kushoto, Kiingereza ukurasa wa kulia. Nani hapa hakusimuliwa habari za kima aliyekaa juu ya mkuyu, akimrushia papa matunda, mpaka papa akamchukua mgongoni kumpeleka kwao? Wakafika katikati ya bahari, papa akasema sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu: mbona hukuniambia mapema, sisi mioyo yetu huiacha mitini. Akarudishwa pwani, akapanda mti, akakataa kushuka, akamwambia papa kwamba yeye si punda wa dobi. Hadithi hiyo imo mle. Mwalimu Goso aliyeangukiwa na kibuyu yumo. Liongo yumo. Sisi tulizisoma darasani tukidhani zimeota zenyewe kwenye vitabu vya shule, kumbe kuna watu waliokaa kitako wakazitamka neno kwa neno, polepole, ili mgeni apate kuandika.

Jambo langu la leo ni hilo. Steere alifanya mengi, alijenga na alisafiri, lakini kazi yake iliyoingia katika maisha ya kila mmoja wetu, Mkristo kwa Mwislamu, alifundishwa na watu wa mji huu. Majina yao tunayo. Tumeacha tu kuyataja.

Sasa twende kwake mwenyewe. Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma sheria katika chuo cha University College, akapata udaktari wa sheria mwaka 1850 pamoja na nishani ya dhahabu, na mwaka uleule akakubaliwa kuwa wakili. Mtu wa namna hiyo njia yake ilikuwa wazi: mahakama, ada nzuri, nyumba kubwa. Moyo wake haukuwa huko. Alijifunza kupiga chapa kwa mikono yake mwenyewe, akajishughulisha na maskini, akawekwa ushemasi mwaka 1856. Alihudumu Skegness, pwani ya mashariki ya Uingereza, kwa wavuvi na wakulima, nao walimpenda kwa sababu alikunja mikono ya shati akafanya kazi. Akapewa parokia ndogo ya mashambani. Pengine angezeekea huko.

Lakini alikuwa na rafiki, William Tozer, kasisi wa parokia ya jirani. Mnakumbuka kwamba mwaka 1857 Livingstone alihutubia Cambridge akawaomba vijana waje Afrika, na kutokana na wito ule ikazaliwa ile misheni ya vyuo vikuu tuliyozoea kuiita UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliingia nchi ya mto Shire mwaka 1861, na kufikia Januari 1862 alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Tozer akachaguliwa kumrithi mwaka 1863. Steere akaomba ruhusa amsindikize kwa muda mfupi tu. Mkewe alibaki Uingereza. Muda mfupi ule ukawa maisha yake yote, ukiondoa miaka michache aliyorudi kwao.

Walijaribu kukaa mlima Morambala, karibu na Zambezi, wakashindwa. Tozer akaamua kuhama kabisa, na tarehe 31 Agosti 1864 wakashuka Unguja. Sultan Majid akawapa watoto watano wa kiume waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Mmoja alikuwa Swedi, aliyekuja kuitwa John Swedi. Mwingine alikuwa Farajallah. Hebu fikirini chumba kile: wazungu wawili wasiojua Kiswahili, na watoto watano wa bara ambao nao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Nani amfundishe nani?

Steere akatoka nje kutafuta walimu. Na hapa naomba tukae kidogo.

Alimpata kijana mmoja akiitwa Hamisi wa Kayi. Katika dibaji zake Steere anamsifu waziwazi, kwamba hakukutana na mtu aliyemshinda kijana yule kwa kuelewa mgeni anauliza nini juu ya lugha, na kumjibu kwa ufasaha. Walimu mlio hapa mnajua hicho ni kipaji cha namna gani. Watu wengi husema Kiswahili kitamu, lakini ukiwauliza kwa nini tunasema “mti umeanguka” na “kiti kimeanguka”, watakwambia ndivyo tunavyosema, basi. Hamisi alikuwa na kitu cha zaidi. Kama angezaliwa leo tungemwita mwanaisimu, na angekuwa na kiti chake chuo kikuu.

Na alimpata Sheikh Abdulaziz. Wazee mmenitangulia, naona mnatikisa vichwa. Ndiye Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi wa Unguja, mwanachuoni wa Kiislamu aliyeheshimiwa pwani nzima. Sheikh huyu alijitolea kumfasiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili kilicho safi. Wakaanza. Wakafika Zaburi ya 16, wakaishia hapo. Steere anaeleza sababu mbili: kwanza sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na pili Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno kwa kazi iliyokusudiwa, yaani watu wa kawaida wasikie na kuelewa.

Mimi habari hii kila nikiisoma hunisimamisha. Kadhi na kasisi, kila mmoja ameshika dini yake kwelikweli, na kila mmoja anajua mwenzake hatabadilika. Sheikh Abdulaziz alijadiliana na wamisionari, hakuwa mtu wa kunyamaza imani yake inapoguswa. Hata hivyo aliketi na Zaburi za Daudi akatafuta neno la Kiswahili linalofaa. Zaburi 16 ni nyingi jamani. Si kazi ya asubuhi moja.

Na sababu ile ya pili ina uzito wake, kwani hapo ndipo njia zilipogawanyika. Steere alichagua Kiswahili cha sokoni na barazani, cha watu waliokuja Unguja kutoka kila pembe, akakiacha Kiswahili cha wanavyuoni. Alichagua pia herufi za Kirumi, ilhali watu wa pwani walikuwa wameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, tenzi na barua na hati za mashamba. Faida yake tunaiona: mtoto wa Songea na mtoto wa Kisumu wanasoma gazeti moja. Hasara yake nayo lazima isemwe. Lahaja ya Mombasa, Kimvita, yenye mashairi yaliyopevuka, ilikuja kuwekwa kando mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe lugha sanifu, na Kamati ya Kiswahili ikaanza kazi mwaka 1930 kwa msingi huo. Wakati huo vitabu vya Steere na vya mwanafunzi wa njia yake, Madan, vilikuwa vimekwisha kutangulia mashuleni. Na bibi mwenye barua za babu yake kwa herufi za Kiarabu akaanza kuitwa asiyejua kusoma. Simlaumu Steere kwa yote hayo, alikuwa amekufa miaka 46 mkutano ulipokaa. Lakini mbegu ilitoka mkononi mwake, na haki ni kuisema.

Alichofanya na masikio yake, hata hivyo, nakistaajabia. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka 1870. Kanuni yake ya tahajia ni fupi: irabu zisomwe kama za Kitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Ndiyo sababu leo mtoto wa darasa la kwanza akijua a, e, i, o, u husoma chochote kilicho mbele yake, jambo ambalo mtoto wa Kiingereza hulitolea jasho. Chukueni neno ng'ombe. Ile alama ndogo juu, inayomwambia msomaji asitamke kama katika ngoma. Mtu asiyesikiliza vizuri haioni haja yake. Yeye aliisikia tofauti ile, akaiwekea alama, na mpaka leo wanafunzi wetu wakiisahau tunawakata alama moja.

Bibi yangu mzaa mama, kule Muheza, alikuwa na Kitabu cha Sala kilichotoka jalada, akakifunga kwa kitambaa cha kanga. Jioni alikifungua, lakini macho yalikuwa yamekwisha kupungua nguvu, kwa hiyo alikifungua kwa adabu tu, maneno alikuwa nayo kichwani. Niliposoma maandiko ya kale ya misheni kwa mara ya kwanza, miaka mingi baadaye, nilimsikia bibi. Mapigo yaleyale, mapumziko yaleyale. Nikajua sauti ile ilitokea wapi kabla ya kufika Magila, kituo cha misheni karibu na Muheza, na kutoka Magila kufika kwetu.

Alikuwa pia mpiga chapa, nimesema. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo hapa Unguja, na wavulana wa shule walifundishwa kuutumia. Kazi ile, kwa vijana mliozaliwa na simu mkononi, ilikuwa hivi: kila herufi ni kijipande cha risasi, imechongwa kinyume kama inavyoonekana kwenye kioo. Unaziokota moja moja kutoka vijumba vyake, unazipanga mstari kwa mstari, unazibana, unazipaka wino, unakandamiza karatasi. Mtoto aliyetolewa ndani ya jahazi la watumwa, hana mama wala baba aliyejua yuko wapi, anapanga neno la Kiswahili kinyumenyume kwa vidole vyake, na likitoka kwenye karatasi linasomeka.

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, na vitabu vyake vikatoka akiwa huko. Nyuma yake Unguja ikapigwa na kipindupindu, kilichoua maelfu, na Aprili 1872 ikapigwa na tufani iliyong'oa mikarafuu na kuvunja majumba. Farajallah alikufa mwaka 1870, muda mfupi tu baada ya kupewa daraja ya kwanza ya utumishi kanisani. Tozer aliishiwa na afya akajiuzulu. Steere akarudi 1872.

Ukaja mwaka 1873. Tunapenda kusema soko la watumwa lilifungwa, kana kwamba lilijifunga. Sultan Barghash alitia sahihi mkataba mwezi Juni, manowari za Waingereza zikiwa tayari kuzingira kisiwa. Na mkataba ule ulikataza biashara ya baharini na masoko ya hadhara, haukukataza utumwa. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali hapa mpaka 1897. Misheni ikapata eneo la soko, sehemu yake ikitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa hapo siku ya Krismasi 1873.

Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa la Westminster Abbey, London, mahali palepale ambapo miezi minne nyuma Livingstone alizikwa. Akarudi kuwa fundi. Michoro aliisimamia, mahesabu aliyafanya, na akaamua paa liwe tao moja la mawe ya matumbawe na saruji, bila nguzo ya kulishika katikati. Watu wa mji walisema litaanguka. Limekaa. Sala ya kwanza ilisaliwa humo Krismasi ya 1879.

Mkiingia, altare imewekwa pale inaposemekana palikuwa na mti wa kufungia watumwa na kuwachapa. Kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungushiwa nyekundu. Wageni hulipiga picha. Kisha watembeza wageni huwageuza nyuma wakawaonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, wakasimulia kwamba askofu alikuwa safarini na mafundi hawakujua juu wala chini. Watu hucheka. Mimi kicheko kile kinaniuma. Mafundi haohao, waashi wa mji huu na watu waliotoka utumwani, ndio waliopandisha tope la saruji na kokoto za matumbawe kwa ngazi mpaka paa likafunga, paa ambalo limesimama zaidi ya miaka 140. Kati ya kazi zao zote, kwa nini tumechagua kusimulia hiyo moja? Ndugu zangu mnaofanya kazi ya kutembeza wageni, nawaomba, mwanzieni mgeni darini.

Mbweni nako pasemwe. Tozer alinunua shamba lile 1871 na watu waliokombolewa wakapewa makazi. Walipata nyumba na viwanja, watoto wakapata shule, na watu wazima wakawa chini ya kanuni za misheni karibu katika kila jambo. Uhuru wao ulikuwa na mipaka iliyochorwa na wengine. Wazee wa Mbweni mlio hapa mnayajua hayo kuliko mimi, na nisingependa kuyapaka asali mbele yenu.

Steere mwenyewe, nadhani, aliona kwamba watu wale walitaka kwao. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe, kwa Mataka, mfalme wa Wayao. Mwaka uliofuata akaongoza kundi la watu waliokombolewa, wake kwa waume, kurudi bara upande huohuo. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa, watu wakaona nchi inafanana na kwao, ina maji, wakasema hapa panatosha. Askofu alikuwa na mpango mwingine, lakini aliwasikiliza. Kijiji kikaanza. Masasi ya leo, yenye dayosisi na korosho na shule, ina mizizi katika uamuzi ule wa watu waliochoka kutembea.

Mwaka 1879 alimweka John Swedi kuwa shemasi. Yule mtoto wa jahazi. Kasisi wa kwanza Mwafrika katika misheni hii, Cecil Majaliwa, alipatikana 1890, na Steere hakumwona. Muda huo wote tafsiri iliendelea. Aliamini kwamba kanisa lisilo na Biblia katika lugha ya watu wake halijasimama, na aliishi hivyo: mchana ujenzi na mashauri ya watu, usiku karatasi. Agano Jipya lilikuwa tayari kwa kupigwa chapa alipofariki ghafla, Agosti 1882, akiwa na miaka 54. Likatoka 1883. Biblia nzima ilikamilishwa na wengine, ikatoka 1891. Na Septemba 1882, kabla udongo wa kaburi lake haujakauka, Wangoni waliivamia Masasi, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na waliobaki wakaanza upya.

Nimefika mwisho wa nilichokuja nacho, ila nina ombi. Kaburi la askofu liko mahali pa heshima, na ni haki yake. Shuleni kwetu, tukifika mada ya historia ya Kiswahili, tunaandika ubaoni Krapf, Steere, Madan, Johnson. Naomba kesho tuandike pia Hamisi wa Kayi. Tuandike Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani, na tumwambie mtoto habari za zile Zaburi 16. Tuandike Masazo, mpishi.

Katika kile kitabu cha 1870 kuna vitendawili, na kimoja nimekichagua kwa ajili ya hawa watoto wa shule waliokaa mbele wakinivumilia saa nzima. Mko tayari?

Kitendawili!

(Ukumbi: “Tega!”)

Nyumba yangu kubwa, haina mlango.

(Ukumbi mzima, wazee na watoto pamoja: “Yai!”)